Vipokezi hukaa wapi kwenye sinapsi za ubongo uliokomaa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vitabu vingi vya sekondari humwambia mwanafunzi kwamba vipokezi viko kwenye utando wa nyuroni inayopokea ujumbe, kisha mada inafungwa. Kwa ubongo uliokomaa jibu hilo ni pungufu mno. Vipokezi viwili vya kemikali ileile, vilivyoachana kwa nanomita mia moja tu, vinaweza kufanya kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Ukitajiwa jina la kipokezi bila kuambiwa kimekaa wapi, umepewa nusu ya habari. Maswali haya huulizwa zaidi na wanafunzi wa tiba, uuguzi na famasia, na pia na ndugu wa wagonjwa wanaotaka kuelewa dawa inafanya nini kichwani.

Kwa ufupi, sinapsi imejengwaje?

Ni mahali ambapo nyuroni mbili zinakaribiana bila kugusana. Mwanya ulio kati yao una upana wa nanomita 20 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Upande wa kutuma kuna ncha ya aksoni iliyojaa vifuko vidogo vya kemikali. Upande wa kupokea kuna mwili wa nyuroni ya pili, au dendraiti yake, au kichomozi kidogo kilichojitokeza juu ya dendraiti hiyo. Vifuko vikimwaga kemikali mwanyani, kemikali huvuka na kunasa kwenye vipokezi. Vipokezi vya aina moja ni milango ya ayoni, vinafunguka papo hapo. Vya aina nyingine havina mlango: huamsha protini za ndani ya seli, na matokeo huja taratibu zaidi.

Ubongo wa binadamu una nyuroni bilioni 86 hivi, na nyuroni moja inaweza kubeba maelfu ya sinapsi.

Vipokezi vya glutamati viko wapi hasa?

Glutamati ndiyo kemikali kuu ya kusisimua ubongoni, kwa hiyo tuanze nayo. Mwaka 1959 George Gray, akitumia hadubini ya elektroni, alionyesha kwamba sinapsi za gamba la ubongo ziko za aina mbili. Aina ya kwanza ina utepe mzito mweusi chini ya utando wa upande wa kupokea. Aina ya pili utepe wake ni mwembamba, pande zote mbili zinakaribia kulingana. Baadaye ilithibitika kuwa aina ya kwanza kwa kawaida ni sinapsi za kusisimua, na nyingi kati yake zimekaa juu ya vichomozi. Huo utepe mzito ni bamba la protini lenye unene wa nanomita 30 hadi 50, na upana wa mia kadhaa za nanomita.

Juu ya bamba hilo ndipo vilipo vipokezi vya AMPA na NMDA, aina mbili za vipokezi vya glutamati vyenye mlango wa ayoni. Vya AMPA vimesambaa kwenye bamba lote, lakini havijatandazwa sawasawa. Tangu mwaka 2013 hadubini zenye uwezo mkubwa zimeonyesha kwamba vimejikusanya katika vikundi vidogo vyenye upana wa nanomita 80 hivi. Mwaka 2016 ikaonekana kuwa vikundi hivyo huwa vimeelekeana na sehemu ambazo vifuko humwagia glutamati upande wa pili wa mwanya. Jambo hili lina uzito mkubwa. Kipokezi cha AMPA hakishiki glutamati kwa nguvu sana, na glutamati yenyewe hudumu mwanyani kwa wingi kwa muda wa milisekunde moja tu au karibu yake. Kipokezi kilichokaa mbali kidogo na mahali pa kumwagia kinaweza kukosa mgawo wake kabisa.

Vipokezi vya NMDA hupendelea kukusanyika katikati ya bamba. Hivi hushika glutamati kwa nguvu zaidi, ila mlango wake huzibwa na ayoni ya magnesi hadi utando uwe umeshasisimka. Kizibo hicho kiligunduliwa mwaka 1984. Kadiri bamba linavyokuwa kubwa, vipokezi vya AMPA huongezeka, ilhali idadi ya NMDA haibadiliki sana. Ndiyo maana sinapsi kubwa ina sauti kubwa.

Kisha kuna ukingoni. Vipokezi vya mGluR1 na mGluR5, ambavyo havina mlango wa ayoni, havikai katikati ya bamba. Wingi wake uko pembezoni, katika mzunguko mwembamba unaolizingira bamba, na vingine vimetawanyika nje zaidi. Kazi ya Rafael Luján, Peter Somogyi na wenzao ya mwaka 1996 ndiyo iliyoweka jambo hili wazi. Tafakari maana yake: ujumbe mmoja mwepesi unaamsha AMPA za katikati na kuishia hapo. Ujumbe ukija mfululizo kwa kasi, glutamati hufurika hadi ukingoni na kuamsha mGluR. Kwa kuangalia mahali tu, seli inapambanua ujumbe mmoja na mvua ya ujumbe.

Na vipokezi vya GABA?

GABA ndiyo kemikali kuu ya kutuliza ubongo. Sinapsi zake nyingi ziko kwenye mwili wa nyuroni, kwenye shina la dendraiti, na hata pale aksoni inapoanzia, mahali ambapo nyuroni huamua kurusha ujumbe au kutorusha.

Kipokezi cha GABA-A kimejengwa kwa vijenzi vitano, na binadamu ana jeni 19 za vijenzi hivyo. Mchanganyiko wa vijenzi ndio unaoamua makazi. Vyenye gama-2 pamoja na alfa-1 au alfa-2 hukusanyika ndani ya sinapsi, na alfa-2 ni vingi hasa mwanzoni mwa aksoni za seli za piramidi, yaani nyuroni kubwa za kusisimua. Vyenye alfa-5 katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, viko zaidi nje ya sinapsi. Vyenye delta havimo ndani ya sinapsi kabisa: Zoltan Nusser na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1998 katika seli za chembechembe za ubongo mdogo, yaani serebelamu. Walikuta alama za delta kwenye utando wa nje tu, hakuna hata sinapsi moja iliyojikusanyia alama hizo.

Vipokezi hivyo vya nje hushika GABA hata ikiwa kiduchu sana, ile inayozagaa kwenye majimaji kati ya seli. Matokeo yake ni utulivu wa kudumu, usiokatika, tofauti na breki ya ghafla inayotolewa na vipokezi vya ndani ya sinapsi.

Kwa hiyo upande wa kutuma hauna vipokezi?

Unavyo, tena vingi, na hapa ndipo vitabu vya shule huacha pengo kubwa. Kazi yake mara nyingi ni kupunguza umwagaji wa kemikali: ncha ya aksoni inahisi kwamba imeshatoa vya kutosha, inapunguza. GABA-B, vipokezi vya GABA visivyo na mlango wa ayoni, viko upande huu na pia upande wa kupokea. mGluR2 hukaa kwenye aksoni mbali kidogo na mahali pa kumwagia. mGluR7 hukaa palepale vifuko vinapomwagia.

Mfano wa mGluR7 ndio unaonivutia kuliko yote katika fani nzima. Ryuichi Shigemoto na wenzake mwaka 1996 walichunguza aksoni za seli za piramidi katika hipokampasi ya panya. Aksoni moja hugusa seli nyingi njiani. Pale ilipogusa aina fulani ya nyuroni za kutuliza, zile zenye mGluR1 alfa, ncha yake ilikuwa na mGluR7 angalau mara kumi zaidi ya pale ilipogusa seli nyingine. Seli ni moja na aksoni ni moja, lakini kila ncha imepangwa kwa kufuata jirani iliyoelekeana naye. Kwa namna fulani seli inayopokea ndiyo inayoiamulia ncha inayotuma ibebe vipokezi gani.

Vipokezi vya CB1, vinavyoshikwa na kemikali kuu ya bangi, navyo viko upande wa kutuma. Katika hipokampasi vimejazana kwenye ncha za aina moja ya nyuroni za GABA. Mwili wenyewe una kemikali zake za kuviamsha, na hizo hutengenezwa upande wa kupokea kisha zinarudi nyuma kuvuka mwanya. Safari hiyo ya kinyume ilithibitishwa mwaka 2001 na maabara zaidi ya moja.

Kwa nini mnasisitiza "uliokomaa"? Kwani wa mtoto ni tofauti?

Ni tofauti sana, na mtu akichukua picha ya ubongo mchanga akaihesabu kuwa ya mtu mzima atapotoka. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni kijenzi cha NMDA. Katika ubongo mchanga wa panya, vipokezi vingi vya NMDA vina GluN2B. Wiki zinavyopita baada ya kuzaliwa, GluN2A huongezeka na kushika nafasi kubwa ndani ya sinapsi. GluN2B haipotei, katika ubongo wa mbele hubaki, ndani ya sinapsi na nje yake. Mabadiliko hayo hayaji kwa umri peke yake. Panya waliolelewa gizani huchelewa kubadilika katika gamba la kuona, na wakitolewa kwenye mwanga hubadilika upesi.

Wa pili ni GluD2, kipokezi cha jamii ya vipokezi vya glutamati, katika seli za Purkinje za serebelamu. Seli ya Purkinje hupokea sinapsi za kusisimua kutoka njia mbili: nyuzi sambamba, ambazo ni nyingi mno, na uzi mmoja unaoparamia dendraiti zake. Katika panya mchanga GluD2 huonekana kwenye sinapsi za njia zote mbili kwa muda. Katika panya aliyekomaa hubaki kwenye zile za nyuzi sambamba tu. Anayesoma ubongo wa siku kumi na anayesoma ubongo uliokomaa wanaweza wote kusema kweli na bado wakabishana.

Ni nini kinachovishika visielee ovyo?

Utando wa seli ni majimaji ya mafuta, kwa hiyo kipokezi kisichoshikwa huelea. Kinachoshika ni protini za jukwaa zilizo chini ya utando. Upande wa kusisimua, maarufu kuliko zote ni PSD-95. Mkia wa NMDA huishika moja kwa moja. AMPA huhitaji mshenga, protini ya kundi la TARP. Ya kwanza ya kundi hilo, stagazini, ilijulikana kupitia ukoo wa panya wenye degedege na mwendo wa kuyumba, wanaorusha vichwa juu kana kwamba wanatazama nyota. Mwaka 2000 ilionekana kwamba seli za chembechembe za serebelamu za panya hao hazina AMPA inayofanya kazi kwenye utando: vipokezi vimetengenezwa, vimebaki ndani ya seli. Panya anayumba si kwa kukosa kipokezi, ni kwa kuwa kipokezi hakikufika mahali pake.

Upande wa kutuliza jukwaa ni gefirini, inayoshika vipokezi vya GABA-A na vya glisini. Vya glisini ni vingi hasa kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo.

Vikishafika vinakaa hapohapo?

Hapana. Vingi husogea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Ufaransa, wakiwemo Daniel Choquet na Antoine Triller, walifuata kipokezi kimoja kimoja kwenye seli hai na kukiona kikizurura nje ya sinapsi, kikiingia, kikitulia, kisha kikitoka tena. Kwa hiyo idadi unayoiona kwenye picha ni mizani kati ya vinavyoingia na vinavyotoka.

Hapa ndipo kumbukumbu inapoingia. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha kwamba sinapsi za hipokampasi zikichochewa kwa kasi huimarika kwa saa nyingi. Mwaka 1995 makundi mawili ya watafiti yakaeleza sinapsi bubu: zina NMDA zinazofanya kazi, lakini AMPA hazisikiki. Zikichochewa, AMPA hutokea. Sehemu kubwa ya kujifunza, kwa lugha hii, ni kuhamisha vipokezi kuviingiza ndani ya bamba.

Sinapsi bubu ni nyingi zaidi ubongo ukiwa mchanga. Hata hivyo, katika panya waliokomaa, sinapsi za njia ya Schaffer ya hipokampasi zilikutwa zikitofautiana sana: nyingine zimejaa alama za AMPA, nyingine hazina hata moja.

Watafiti wanajuaje haya yote? Kipokezi hakionekani kwa macho.

Njia kuu ni kingamwili zilizofungiwa vipunje vya dhahabu. Kipande cha ubongo hukatwa wembamba kupindukia, hupakwa kingamwili inayotambua kipokezi kimoja tu, kisha kingamwili ya pili iliyobeba punje ya dhahabu ya nanomita 5, 10 au 15. Chini ya hadubini ya elektroni dhahabu huonekana kama nukta nyeusi ya mviringo, yenye mpaka safi.

Picha nzuri ya namna hiyo unaisoma hivi. Kushoto kuna ncha ya aksoni, imejaa vifuko mviringo vya rangi ya kijivu. Katikati unapita mwanya mweupe. Kulia kuna utepe mweusi wa bamba, na juu yake nukta za dhahabu zimejipanga: tano, nane, pengine ishirini. Unapima kila nukta iko umbali gani kutoka ukingo wa bamba, unarudia kwa mamia ya sinapsi, ndipo unathubutu kusema "katikati" au "pembeni". Kwa kuwa kingamwili zenyewe zina urefu, nukta inaweza kukaa nanomita 20 hadi 30 mbali na kipokezi chenyewe. Anayedai usahihi mkubwa kuliko huo kwa njia hii usimwamini.

Kuna mtego mwingine ambao kila anayesoma makala za zamani anapaswa kuujua. Bamba la sinapsi ni zito kiasi kwamba kingamwili haipenyi vizuri, hasa kwenye tishu iliyohifadhiwa kwa formalini kabla ya kupakwa. Matokeo yake, kipokezi kilichojaa ndani ya sinapsi huonekana hakipo, na kile kichache cha nje huonekana kingi. Mwaka 1998 Masahiko Watanabe na wenzake walionyesha kwamba tishu ikimeng'enywa kidogo kwa pepsini kwanza, vipokezi vya ndani ya sinapsi hujitokeza. Kingamwili pia lazima ijaribiwe kwa panya asiye na jeni ya kipokezi hicho. Ikiendelea kuonyesha nukta, ni ya kutupa, hata kama ilinunuliwa kwa bei kubwa.

Mahali pa kipokezi panahusianaje na dawa ninazozijua?

Diazepamu, inayotumika sana hospitalini kwetu kukata degedege, hunasa kwenye GABA-A kati ya kijenzi cha alfa na gama-2. Vipokezi vyenye delta badala ya gama havina nafasi hiyo, kwa hiyo diazepamu haivigusi. Yaani inaongeza nguvu ya breki ndani ya sinapsi, na kuacha kwa kiasi kikubwa ule utulivu wa nje unaotegemea delta. Brexanolone, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa sonona ya baada ya kujifungua, huongeza nguvu ya vyote, vya ndani na vya nje.

Ketamini, ambayo madaktari wa hospitali za wilaya Afrika Mashariki huitegemea pasipo na mashine ya nusukaputi, huingia ndani ya mlango wa NMDA na kuuziba. Kwa kuwa huingia mlango ukiwa wazi, sinapsi inayofanya kazi ndiyo inayozibwa upesi.

Kahawa nayo imo. Kafeini huzuia vipokezi vya adenosini: A1, ambavyo vingi viko upande wa kutuma na hupunguza umwagaji wa glutamati, na A2A, ambavyo vimejaa kwenye striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo.

Dopamini?

Vipokezi vyake vya D1 na D2 vingi viko nje ya sinapsi, kwenye dendraiti, vichomozi na aksoni. D2 vingine viko kwenye nyuroni za dopamini zenyewe na kuzipunguza kasi. Kwa dopamini, kemikali husambaa na kutafuta vipokezi. Mpangilio wa uso kwa uso kama wa AMPA haupo.

Kuna ugonjwa unaotokana na vipokezi kuondoka mahali pake?

Upo, na ningependa ujulikane zaidi. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ensefalitisi, yaani kuvimba kwa ubongo, inayosababishwa na kingamwili za mgonjwa mwenyewe dhidi ya kijenzi cha GluN1 cha NMDA. Kingamwili huunganisha vipokezi viwili viwili, na seli huvimeza kutoka kwenye utando, ndani ya sinapsi na nje yake. Nyuroni haifi kwa hilo. Kingamwili zikiondolewa, vipokezi hurudi.

Wengi wanaougua ni wasichana na wanawake vijana, na baadhi wana uvimbe kwenye ovari, teratoma. Huanza kwa kuchanganyikiwa, kuona au kusikia visivyokuwepo, kukosa usingizi, woga. Kisha degedege, midomo na uso kuchezacheza, kunyamaza kabisa, mapigo ya moyo na pumzi kuvurugika. Familia hudhani ni mapepo au wazimu wa ghafla, na hata daktari anaweza kumpeleka moja kwa moja wodi ya akili. Kijana asiye na historia ya ugonjwa wa akili akibadilika ndani ya siku au wiki chache, na akapata degedege au mchezo wa uso, apelekwe hospitali kubwa na swali la ugonjwa huu liulizwe kwa sauti. Kipimo ni cha damu na maji ya uti wa mgongo. Matibabu ni steroidi, kingamwili za kudunga kwenye mshipa, kusafisha plazma, na kuondoa uvimbe wa ovari kama upo. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa, ingawa inaweza kuchukua miezi, na matibabu yakianza mapema matokeo huwa bora.

Je, mtu aliye hai anaweza kupigwa picha vipokezi vyake vikaonekana vilipo?

Kwa kiwango cha sinapsi, hapana. Picha za PET, zinazopigwa baada ya mtu kudungwa kemikali yenye mionzi kidogo, huonyesha sehemu gani ya ubongo ina vipokezi vingi. Kwa mfano flumazenili yenye kaboni-11 huonyesha GABA-A. Lakini picha hiyo hutenganisha vitu kwa milimita kadhaa, na bamba la sinapsi halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndani ya nukta moja ya picha mna sinapsi za mamilioni, za kusisimua na za kutuliza, pamoja na vipokezi vya nje yake vyote.

Ndiyo maana mengi yaliyoelezwa hapa yametoka kwa panya. Tishu ya binadamu iliyo hai hupatikana zaidi kwa wagonjwa wa kifafa kisichosikia dawa, wanaofanyiwa upasuaji na kuridhia kipande kinachoondolewa kichunguzwe. Kikitoka kichwani huwekwa kwenye dawa ya kuhifadhi mara moja, kwa sababu ubongo uliokaa bila damu huanza kupoteza mpangilio wa sinapsi zake.